Hukumu Ipo, Fidia Iko Wapi?

 Leo twende ng'ambo ya ziwa.

Ukitoka Kigoma kwa boti ukalikata Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini-magharibi, unatokea Baraka, mji wa wavuvi na wachuuzi katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wasikilizaji wangu walioko kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, hawana haja ya kuelezwa. Wengi wao ni watu wa Fizi na Uvira, kama si wenyewe basi wazazi wao. Ninyi mtanivumilia nikiwaeleza wenzenu mnayoyajua.

Februari 2011 mahakama ilihamia Baraka. Haikufunguliwa pale, ilihamia, ikakaa siku chache, ikasikiliza kesi, ikahukumu, ikaondoka. Ilikuwa mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini, ambayo makao yake ni Bukavu. Mshtakiwa mkuu alikuwa Luteni Kanali Kibibi Mutware, kamanda wa jeshi la serikali katika eneo hilo. Siku ya Mwaka Mpya palizuka ugomvi mjini Fizi, askari mmoja akauawa na raia wenye hasira, na usiku huo wenzake wakaja kulipiza kisasi. Walivunja milango, wakapora, wakabaka. Kibibi alikana kuwatuma.

Wanawake 49 walikwenda kutoa ushahidi, faraghani, mbele ya majaji waliovaa sare za jeshi lilelile lililowafanyia unyama. Tarehe 21 Februari hukumu ikasomwa: ubakaji uliofikia kiwango cha uhalifu dhidi ya ubinadamu, miaka 20 jela kwa Kibibi, na maofisa wengine watatu miaka hiyohiyo. Tangu usiku wa uhalifu hadi hukumu hazikufika hata siku 60. Nitajie mahakama yoyote ya ukanda huu iliyomaliza kesi ya uzito huo kwa muda huo. Mimi siijui.

Nimeanza na Baraka kwa sababu watu wakizungumzia utawala wa sheria katika nchi zilizovurugwa na vita, maneno huwa mengi na yote yanaelea hewani. Kuna mikakati, kuna warsha, kuna mabango yenye nembo saba chini yake. Baraka ni jambo lililotokea. Kanali alifungwa pingu mbele ya watu waliokuwa wakimkimbia njiani. Kwa hiyo nikianza kulalamika baadaye, na nitalalamika, usije ukasema huyu mtangazaji ni wa wale wanaodharau kila kitu kilicholipiwa na wazungu. Mahakama ile ililipiwa na wafadhili kweli: fedha za Open Society, usimamizi wa Chama cha Mawakili cha Marekani. Lakini majaji walikuwa Wakongo, sheria ilikuwa ya Kongo, na mashahidi walikuwa mama zetu wa Fizi.

Mahakama inayotembea kwetu Tanzania ni gari. Tangu 2019 tumeyaona Dar es Salaam na Mwanza, magari makubwa yenye chumba cha kusikilizia mashauri ndani yake. Kongo si gari, ni msafara. Sheria yao inairuhusu mahakama kukaa popote ndani ya eneo lake, kwa hiyo wanapakia kila kitu: majaji, mwendesha mashtaka, makarani, mawakili wa pande zote mbili, mkalimani, polisi wa kulinda, jenereta, mafuta ya jenereta, karatasi, printa, na wino wa printa, ambao ukiisha, shauri nalo linasimama. Wanafika mahali pasipo na jengo la mahakama, wanaazima ukumbi au wanatandika turubai. Kila anayesafiri analipwa posho, na mlipaji posho karibu daima ni mfadhili. Mfadhili akisema mradi umekwisha mwezi Juni, basi haki nayo imekwisha mwezi Juni.

Na lugha? Jalada linaandikwa kwa Kifaransa. Askari huzungumza Kilingala, ndiyo lugha ya jeshi. Mama wa Fizi anasema Kibembe na Kiswahili. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa, kwa hiyo maumivu ya mtu hupita kwa mkalimani kabla hayajafika kwenye kitabu cha karani. Tusicheke, sisi wenyewe sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama tumeipitisha 2021, tuna uhuru wa miaka 60.

Sasa turudi Baraka. Mahakama iliamuru kwamba wale wanawake walipwe fidia. Haikuwaamuru wafungwa peke yao, maana askari wa mshahara ule atatoa wapi? Iliamuru dola ilipe pamoja nao, kwa kuwa waliotenda walikuwa watumishi wake, wakiwa na sare yake na bunduki yake. Umati ulishangilia. Msafara ukafungasha, ukarudi Bukavu. Miaka ikapita, na fidia haikuja.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hii si habari ya Baraka peke yake. Mashariki ya Kongo kuna hukumu nyingi za aina hii, zimeandikwa vizuri, zimetajwa kwenye vitabu vya vyuo vikuu vya Ulaya, na fidia zake zimelipwa kwa nadra sana.

Tuseme wewe ni mmoja wa wale mama. Simtaji mtu, natoa mfano. Umeshinda kesi. Wakili aliyekutetea bure alikuja na mradi na ameondoka na mradi. Unataka fedha yako. Kwanza unahitaji nakala ya hukumu iliyothibitishwa, yenye muhuri, ile ambayo kwetu dalali wa mahakama angeishika mkononi akaenda nayo kukaza hukumu. Nakala hiyo inalipiwa, tena kwa ukurasa, na hukumu ya watuhumiwa wengi ina kurasa nyingi. Kisha kuna ada ya asilimia, inayokokotolewa kutokana na kiasi cha fidia uliyopewa. Sikiliza vizuri: fidia hujaiona, lakini ada yake unatakiwa kuitoa. Kadiri ulivyoumizwa zaidi ndivyo mahakama ilivyokupa zaidi, na kadiri ilivyokupa zaidi ndivyo unavyodaiwa zaidi ili uipate.

Utaambiwa, mama, wewe ni maskini, sheria imekufikiria, leta cheti cha umaskini usamehewe ada. Cheti hicho kinatolewa ofisini. Ofisi ina karani. Karani naye mshahara wake haujatoka, na kalamu yake haiandiki bure. Nimeishia hapo, mengine unajaza mwenyewe.

Haya, umevuka yote. Sasa hukumu inaidai dola, na dola iko Kinshasa. Kutoka Baraka hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege anavyoruka, na barabara usiulize. Faili lako linatakiwa lifike Wizara ya Sheria, litoke liende kwenye bajeti, litoke liende fedha. Huko halina mjomba wa kulisukuma. Mali ya serikali huwezi kuikamata. Huwezi kutuma dalali akafunge kamba kwenye gari la waziri.

Wakati mama huyu anasubiri, jirani yake, ambaye binti yake alibakwa mwaka huohuo na kijana wa kijiji, hakwenda mahakamani. Alikwenda kwa mzee wa kitongoji. Familia mbili zikakaa, zikazungumza, ikaamuliwa mbuzi, au mbuzi wawili na fedha kidogo, au mbaya zaidi, kijana amwoe binti. Sheria za Kongo za Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono hazitambui mapatano ya namna hiyo. Kila mwanaharakati anayapiga vita, na ana haki ya kuyapiga vita, maana binti mwenyewe hakuulizwa na mbakaji amebaki kijijini akicheka. Lakini kuna jambo ambalo warsha huliruka. Mbuzi alifika. Alifika Jumamosi ileile, kwa miguu yake minne, kila mtu akamwona. Zile dola za mahakama hazijafika mpaka leo.

Ndiyo maana mimi nikisikia ripoti inasema wananchi wa mashariki ya Kongo hawana elimu ya sheria, wanahitaji kuhamasishwa, huwa nashika kichwa. Wanaijua sheria. Wamepiga hesabu. Mtu anayepeleka shauri lake kwa chifu badala ya kwa hakimu si mjinga. Ameangalia nani alilipwa na nani hakulipwa mwaka jana.

Msikilizaji mmoja anaweza kuniuliza: mbona unazungumzia fedha, wakati yule mama alitaka kumwona kanali gerezani? Hilo ni swali la haki. Basi tuangalie gereza.

Oktoba 2020, alfajiri, watu wenye silaha walilishambulia gereza la Kangbayi mjini Beni. Zaidi ya wafungwa 1,300 walitoka. Waliobaki ndani walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa dakika chache. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, gereza kuu la Munzenze lilifunguka na maelfu wakakimbia, na katika fujo hiyo, kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefungwa humo walibakwa na wafungwa waliokuwa wakitoroka, kisha wengi wao wakateketea motoni. Walikuwa chini ya ulinzi wa dola. Wengine walikuwa mahabusu tu, kesi zao hazijasikilizwa. Mlinzi aliposikia milio, aliondoka.

Fikiria sasa shahidi aliyesimama mahakamani akamnyooshea kidole mtu. Gereza likivunjika, yule mtu hahitaji kumwuliza yeyote njia. Anajua nyumba. Siku ya ushahidi shahidi alifichwa uso, akapewa herufi badala ya jina. Siku ya gereza kuvunjika hakuna wa kumpa hata nauli ya kuhama. Kuna mashirika yaliyojitahidi, sikatai, lakini bajeti ya ulinzi wa mashahidi mara nyingi inaisha na kesi.

Si kila kesi ilikwenda kama Baraka hata ndani ya chumba cha mahakama. Novemba 2012, Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mara ile ya kwanza, askari wa serikali walirudi nyuma hadi Minova, mji mdogo kando ya Ziwa Kivu, wakamalizia hasira zao kwa raia. Dunia nzima ilipiga kelele. Kesi ikafunguliwa Goma mwishoni mwa 2013, watuhumiwa 39, na mahakama ikahamia Minova yenyewe kwa siku kadhaa. Mashahidi waliingia wamefunikwa vichwa na nyuso wasitambulike. Mei 2014 hukumu ikatoka. Waliopatikana na hatia ya ubakaji walikuwa wawili. Wawili! Wengi wa waliobaki walihukumiwa kwa makosa mengine, kama uporaji, na wengine wakaachiwa.

Ilikuwaje? Upelelezi ulikuwa mbovu, hilo la kwanza. Walioshtakiwa wengi walikuwa askari wadogo waliokamatwa kamatwa, na haikuwezekana kuonyesha nani alifanya nini kwa nani. Mwanamke aliyebakwa gizani na watu watatu wenye sare ataitaje namba ya kikosi? Makamanda wa juu waliokuwa na askari hao hawakuguswa. Na hapa kuna kanuni ambayo watu wachache nje ya Kongo wanaijua, mimi naiona kuwa kiini cha mambo. Sheria ya mahakama za kijeshi ya 2002 inataka jaji asiwe na cheo kilicho chini ya cha mshtakiwa. Kapteni hawezi kumhukumu kanali. Ukitaka kumshtaki jenerali, sharti umtafute jaji jenerali, na majaji majenerali ni wa kutafuta kwa tochi. Matokeo yake kila nyota inayoongezwa begani ni ukuta unaojengwa kati ya mtu na mahakama, na katika jeshi ambalo mara nyingi waasi waliingizwa kwa mapatano ya amani, nyota hizo ziligawanywa mezani kama sehemu ya mapatano. Kibibi alikuwa luteni kanali. Angekuwa jenerali, nadhani leo nisingekuwa na kipindi.

Halafu ile mahakama ya Goma iliyosikiliza Minova ilikuwa ya operesheni, ya wakati wa vita, na hukumu zake hazina rufaa. Katiba yao, ibara ya 21, inasema kila mtu ana haki ya kukata rufaa. Aliyefungwa hakuweza kukata rufaa, na waliobakwa nao hawakuweza. Kitabu kilifungwa.

Nikikuachia hapo nitakuwa nimekudanganya kwa kukupa upande mmoja. Iko Kavumu.

Kavumu ni mji mdogo kilomita kama 30 kaskazini mwa Bukavu. Uwanja wa ndege wa Bukavu uko hapo. Kuanzia 2013 watoto wa kike, wengine hawajaanza hata kusema vizuri, walichukuliwa vitandani usiku, wakabakwa, wakaachwa vichakani. Zaidi ya watoto 40. Walikimbizwa hospitali ya Panzi kwa Daktari Denis Mukwege, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani 2018. Kwa miaka mitatu polisi walifungua jalada moja moja: mtoto wa nyumba hii, mtoto wa nyumba ile, mbakaji hajulikani, jalada limefungwa. Mtu yeyote aliyekaa Kavumu alijua ni kundi moja. Ofisi ya upelelezi ndiyo haikujua.

Kilichobadilisha mambo ni kazi ya kuchosha isiyopigwa picha. Madaktari, wanasheria na wazazi waliyakusanya majalada yote, wakayaweka mezani pamoja, wakalazimisha yaunganishwe kuwa shauri moja la uhalifu dhidi ya ubinadamu. Watoto hawakupelekwa kusimama kizimbani. Ushahidi wao ulirekodiwa mapema kwa video na wataalamu, na mahakama ikautazama. Watu wazima walizungumza nyuma ya pazia, sauti zimebadilishwa kwa mitambo. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Frederic Batumike, mbunge wa jimbo, kiongozi wa kundi lenye silaha lililojiita Jeshi la Yesu. Mbunge aliyekaa madarakani! Alikamatwa Juni 2016. Mahakama ya kijeshi ilihamia Kavumu Novemba 2017, na tarehe 13 Desemba yeye na wenzake kumi wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata rufaa ikasikilizwa, hukumu ikabaki.

Ni ushindi, tena mkubwa. Fidia? Mahakama iliamuru dola 5,000 kwa kila mtoto, zilipwe na waliotiwa hatiani. Serikali yenyewe mahakama ilikataa kuibebesha, ijapokuwa polisi wake walilala miaka mitatu. Kwa hiyo mzazi wa Kavumu ana hukumu ya kumdai mfungwa wa maisha.

Niseme neno juu ya mashauri ambayo hayamleti mwandishi wa habari yeyote. Ukimwuliza mtu wa Masisi, Kivu ya Kaskazini, au wa Fizi ana kesi gani, hatakuambia uhalifu dhidi ya ubinadamu. Atakuambia shamba. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola. Mashamba ya kimila, yaani yale ambayo wakulima wengi wanayalima, ikasema yatawekewa utaratibu kwa amri ya Rais. Miongo mitano ikapita amri hiyo haijatoka. Kwa hiyo mkulima anayelima alipolima babu yake hana karatasi, na mkubwa mwenye jamaa Goma au Kinshasa anakuja na karatasi. Chifu ameuza mara moja kwa mila, ofisi imeuza mara ya pili kwa hati. Hakimu yuko siku mbili kwa miguu. Kijana wa mkulima anaona kundi la wenye silaha liko karibu zaidi kuliko hakimu. Sidai kwamba vita vya mashariki ya Kongo vimeletwa na shamba pekee, mambo ni mengi na majirani wana mkono wao humo, lakini ukisoma historia ya Masisi tangu 1993 utakutana na shamba kila ukurasa.

Mahakama inayotembea haiwezi kumaliza hilo. Kesi ya shamba inataka hakimu wa kudumu, anayejua mipaka na wazee wa mipaka, ambaye akihukumu leo atakuwepo mwezi ujao kuona kama mshindi ameingia shambani. Inataka mahakama ya amani ya wilaya yenye paa, yenye karani anayelipwa, inayofunguliwa Jumatatu. Sheria ya Kongo inazitaja mahakama hizo. Lakini wafadhili hawazipendi sana, kwa sababu mshahara wa karani hauna picha ya kuweka kwenye jalada la ripoti, na serikali haina haraka kwa sababu karani anayelipwa vizuri ni hatari kwa watu fulani.

Na fedha? Fedha ipo, tena si ndogo. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003, ikiwemo ile aibu ya Juni 2000 ambapo majeshi ya Uganda na Rwanda, wageni wote wawili, yalipigana siku sita katikati ya Kisangani yakaua raia wa watu. Uganda ilipangiwa kulipa dola milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano, na ikaanza kulipa mwaka huohuo. Hebu pima: Kampala, iliyobishana miaka mingi mahakamani, ililipa kwa tarehe. Mama wa Baraka anaidai Kinshasa, serikali yake mwenyewe, tangu 2011.

Desemba 2022 bunge la Kongo lilipitisha sheria ya kuwalinda na kuwafidia waathirika wa ukatili wa kingono wa vitani na uhalifu mwingine mkubwa, na mfuko wa taifa ukaundwa, unaoitwa FONAREV, ukapewa sehemu ya mrabaha wa madini. Naisifu sheria hiyo. Inakubali kwamba mwathirika asingoje mfungwa ambaye hana kitu. Mfuko umeandikisha watu, umefungua ofisi, umefanya sherehe za kumbukumbu. Lakini Septemba 2025 Mahakama ya Kasasheni, yaani mahakama ya juu ya rufaa, mjini Kinshasa ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa Waziri wa Sheria, miaka mitatu ya kazi ngumu katika kesi ya dola zipatazo milioni 19 zilizohusu ujenzi wa gereza huko Kisangani. Waziri wa Sheria, fedha za gereza. Yeye alikana, na wafuasi wake wanasema ni siasa. Vyovyote iwavyo, gereza la Kisangani lililotakiwa kujengwa halikujengwa kwa fedha hizo, na mkazi wa Goma aliyesikia habari hiyo kwenye Radio Okapi alikuwa akiishi katika mji ambao mahakama za serikali zilikuwa zimefungwa tangu Januari mwaka huo, majaji wamekimbia, na gereza likiwa kuta tupu.

Ningekuwa na sauti kwenye vikao vinavyogawa fedha za miradi hii, ningeomba kitu kimoja. Ripoti zao huhesabu kesi zilizosikilizwa, majaji waliofundishwa, wanawake waliohamasishwa. Waongeze safu moja ya mwisho kwenye jedwali: kati ya walioshinda kesi mwaka ule, wangapi wameshika fedha yao mkononi, na ilichukua miezi mingapi. Safu hiyo ikiwa sifuri, isiandikwe kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Na ile ada ya asilimia ifutwe kwa waathirika wa uhalifu wa kivita, ifutwe kabisa, bila cheti cha umaskini, kwa sababu kumtaka mtu aliyechomewa nyumba athibitishe kwamba ni maskini ni matusi. Jambo hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji saini.

Muda wangu umekwisha. Juma lijalo, saa hizihizi, tutakwenda Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwenye mahakama maalumu ya jinai ambako majaji wa nchi hukaa benchi moja na majaji wageni. Hukumu yake ya kwanza ilitoka Oktoba 2022, miaka saba baada ya sheria iliyoiunda. Wasikilizaji wa Nyarugusu, kama kuna aliyekuwa Baraka wakati wa kesi ile, tuandikieni kwa namba zetu za kawaida, msitaje majina.